Aliyekohoa Kabla Yangu

Naandika haya nikiwa nimepona, au tuseme nimepona kwa kiasi ambacho mtu anaweza kupona. Naandika kwa ajili yako wewe ambaye wiki hii umeambiwa kwamba kikohozi chako si mafua wala vumbi, ukatoka kwa daktari umeficha pakiti za dawa ndani ya koti ili jirani asizione. Habari za vijidudu utaelezwa na wanaozijua. Mimi nitakueleza habari za benchi, za nyumbani, na za jambo moja lililonipata ambalo sikujua kama linaweza kumpata mtu.

Naitwa Idi. Babu yangu aliletwa Kisumu na kazi ya reli kutoka pwani, akaoa huku huku, na sisi wajukuu tumekua tukiongea Kiswahili ndani ya nyumba na Kijaluo mlangoni. Naishi Nyalenda na mke wangu Saumu na binti yetu Zaituni. Kazi yangu ni kufunga nzi.

Si nzi wa chooni. Ni chambo cha bandia cha kuvulia trauti, samaki wa mito ya baridi, na wateja wetu wako Ulaya. Unabana ndoana ndogo, urefu wake kama punje ya mchele, kwenye kibano cha chuma. Unaizungushia uzi wa hariri mpaka mwili wote ufunikwe. Kisha unachukua unyoya mmoja laini wa kware, unaufunga shingoni mwa ndoana, mzunguko mmoja na nusu, unakata uzi. Nzi wa namna hii hazami vizuri wala havutii samaki kama unyoya umesimama wima, kwa hiyo mwisho tunalamba kidole na kuulaza nyuma. Akiingia majini, zile nyuzinyuzi hutikisika kama miguu ya mdudu aliye hai. Mtindo ni wa zamani sana, na wanaoupenda hawataki ubadilishwe hata rangi ya uzi.

Karakana yetu iko Milimani, nyuma ya nyumba ya Mama Wanjiku. Yeye ni mtu wa Nyeri. Baba yake alikuwa mlinzi wa mto wenye trauti, na ndiye aliyemfundisha kufunga nzi kabla hajajua kusuka nywele. Alipoolewa huku aliigeuza nyumba ya watumishi kuwa chumba kimoja kirefu, akaweka meza, akatuita watu wa Nyalenda tulio karibu. Kuna jambo moja lazima ulijue kuhusu chumba kile. Madirisha yalikuwa yakifungwa mwaka mzima, kwa sababu upepo wa ziwa ukiingia mchana, manyoya yote hupeperuka.

Upande wangu wa kushoto alikaa Risper. Kwao ni Nyakach, chini ya Sondu, mahali mto unapokaribia ziwa. Mumewe alikuwa amefariki, na binti yake mdogo, Achieng', alikuwa akilelewa na nyanya yake huko nyumbani. Risper hakupenda maneno asubuhi. Alifunga kitambaa cha kichwa cha rangi ya machungwa, akainama, na mpaka chai ije ulisikia mkasi wake tu. Alikuwa na mkono mwepesi kuliko sisi sote. Nilipokosea mzunguko hakunicheka. Alinyoosha mkono, akaishika ndoana yangu, akaifungua kwa ukucha, akanirudishia.

Alianza kukohoa wakati wa kiangazi. Mara mbili fupi, kisha moja ndefu, kama mtu anayebisha hodi halafu anasukuma mlango.

"Ni vumbi la manyoya," alisema.

Sote tulikubali, kwa kuwa sote tulikohoa kidogo, na vumbi lilikuwapo kweli. Kabla kiangazi hakijaisha mifupa ya shingo yake ilikuwa imejitokeza. Siku moja alikunja kitambaa chake, akamwambia Mama Wanjiku kwamba anakwenda kwao kupumzika. Habari iliyofuata ilikuwa ya mazishi.

Nilikwenda. Niliona jeneza lililokuwa jepesi mno kwa wale waliolibeba. Nilimwona mtoto wake amekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, amevaa sweta ya mtu mzima. Wazee wa matanga walinong'ona kuwa ni chira, ile laana ya kukonda inayomfuata mtu aliyevunja mwiko wa ukoo. Mimi si wa ukoo wao, nikanyamaza. Nilirudi Kisumu na siku chache baadaye mvua ndefu ikaanza, nami nikaanza kukohoa.

"Baba Zai," Saumu aliniambia, "unakohoa mpaka ukuta unaitikia."

"Ni vumbi la manyoya."

"Vumbi gani linalolowesha godoro?"

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nikilala mkavu na kuamka nimelowa kama niliyevuliwa ziwani. Suruali zilinishuka. Ngazi tatu za karakana nilizipanda kwa kushika ukuta. Na kwenye kiti cha kushoto, ambacho hakuna aliyetaka kukikalia, nilikuwa nikisikia mara mbili fupi, moja ndefu. Nikigeuka, kiti kitupu. Ilinichukua muda kutambua kuwa aliyekohoa hivyo ni mimi. Kifua changu kilikuwa kimejifunza sauti yake.

Asubuhi niliyotema damu kwenye beseni Saumu alinifuta mdomo. Alivaa buibui yake, akafunga mlango nyuma yetu, akanipeleka hospitali.

Banda la watu wa kifua liko nyuma kabisa, karibu na mahali pa kuchomea taka. Ni bati juu ya nguzo, halina kuta, ili upepo upite. Kule mbele watu wa presha na wa sukari wanapiga soga na kulinganisha dawa. Huku nyuma hakuna anayemsalimu mwenzake. Wote wanatazama upande mmoja kama watu waliomo kwenye feri. Kulikuwa na kijana aliyevaa tai, kila siku yuko kwenye simu na hakuna anayemjibu. Kulikuwa na mzee mmoja wa soko la samaki ambaye alikohoa ndani ya kofia yake, akaikunja kwa adabu, akaitia mfukoni. Baada ya wiki kadhaa kofia ile niliiona imevaliwa na mwanawe, aliyekuja kurudisha dawa zilizobaki. Hatukuuliza.

Anayesimamia banda ni muuguzi mwanamke, tunamwita Sista Auma. Makohozi yangu yalipopimwa, alinipa vidonge vikubwa vya rangi ya udongo, akasimama mpaka nimeze.

"Mkojo utakuwa mwekundu, usiogope," alisema. "Hata machozi. Kama kuna kitu chochote kwa mwili huelewi, njoo uniambie. Usiende kuambia jirani."

Nilielewa la mkojo. Hilo la pili sikulitilia maanani, na ndilo lililokuwa muhimu.

Saumu na Zaituni walipimwa, hawakuwa na kitu. Lakini Saumu alimpeleka mtoto Mumias kwa dada yake siku ile ile. Nilikaa mbali, chini ya mti wa jirani, wakati tuktuk inageuza. Zaituni alipunga mkono kuelekea mlangoni kwetu, akidhani nimesimama pale. Saumu aliporudi alitandika mkeka wake karibu na mlango, akaninunulia kikombe changu na sahani yangu. Hakuwa mkatili. Alipika, alifua, aliacha milango wazi hata mvua ikinyesha. Lakini alikuwa akiongea nami kama unavyoongea na mgeni ambaye hujui ataondoka lini.

Karakana pia ilibadilika. Nilipomwambia Mama Wanjiku, alikwenda kufungua madirisha yote kwa mikono yake, moja baada ya jingine, manyoya yakaruka hadi darini.

"Risper," alisema akinipa mgongo. "Risper pia, sindio?"

Nilimwambia sijui.

Wafungaji wote walipimwa, na namshukuru Mungu, hakuna aliyekutwa na ugonjwa. Lakini waliogopa nzi niliokuwa nimelamba. Walitaka wachomwe. Sista alikuja mwenyewe kuwaeleza kwamba ugonjwa hausafiri hivyo, wakaitikia kwa vichwa, na baada ya yeye kuondoka wakaweka bakuli la maji kila meza ili asiwepo mtu wa kulamba kidole tena. Mama Wanjiku aliniruhusu nifanyie kazi nyumbani. Nilibeba kibano, nikakifunga kwenye meza karibu na dirisha.

Miezi ya mwanzo ya vidonge ilikuwa migumu kwa tumbo na viungo, lakini nilianza kula. Jasho likaisha. Nilianza hata kupiga mluzi. Makohozi yalipopimwa tena, vidudu walikuwa bado hawajaisha, kwa hiyo Sista akanirefushia zile dawa nzito. Nilivunjika moyo, lakini nikameza.

Hapo ndipo rangi zilipoanza kuondoka.

Sikulitambua jambo hilo kwa sababu lilikuwa linakuja polepole. Ilikuwa majira ya mawingu, nikadhani ni hali ya hewa. Niliona sukuma wiki kwenye sahani zimefifia, nikadhani Saumu amezichemsha mno. Niliona kuta za jirani zimechakaa. Niliilaumu taa, nikanunua nyingine. Kisha Mama Wanjiku akanitumia ujumbe niende.

Alikuwa amepanga nzi wangu kwenye kitambaa cheupe mezani.

"Idi, mimi niliagiza unyoya wa kware na uzi wa machungwa. Umenifungia nini hapa?"

"Kware na machungwa."

Aliniangalia kama anayetafuta harufu ya pombe. Kisha akafungua droo, akaweka mbele yangu vigurudumu vya uzi, vinne au vitano.

"Nipe wa machungwa."

Nilinyoosha mkono. Sikujua pa kuupeleka. Vilikuwa vigurudumu vya majivu, kimoja kimekolea, kingine kimefifia. Nilichukua kimoja kwa kubahatisha, nikamwekea kiganjani. Alikitazama kwa muda mrefu. Nyuma yetu mikasi ilikuwa imenyamaza.

"Hii ni kijani, Idi," alisema kwa sauti ya chini. "Hii ni kijani kabisa."

Nilitoka nje. Uwanja wa karakana una nyasi zinazokatwa kila wiki na maua ya kila namna ukutani. Nilisimama katikati yake na hapakuwa na ua hata moja.

Sista Auma aliponisikia hakumaliza kuandika alichokuwa akiandika. Alisimama. Alisema kuna dawa moja kati ya zile ambayo kwa watu wachache sana hugusa macho, akaitoa siku hiyo hiyo, akanituma kliniki ya macho. Huko nilikaa kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki na televisheni isiyo na sauti. Daktari alinifungulia kitabu chenye kurasa za madoadoa.

"Unaona namba gani?"

"Naona madoa."

Mtoto aliyekuwa kwenye foleni nyuma yangu alisema, "Sabini na nne," kwa furaha ya mtu aliyejua jibu. Mama yake akamziba mdomo.

Daktari alisema rangi zinaweza kurudi. Alisema zinaweza pia zisirudi zote. Hakuniahidi kitu, na sasa naona ilikuwa heshima, ingawa siku ile niliona ni kama kufungiwa mlango.

Sijui nikueleze vipi miezi ile. Nilikwenda ufukweni, magugu maji yalikuwa yameziba ghuba, majani ya majivu juu ya maji ya majivu. Nyanya kwenye mchuzi zilikuwa kama matope. Nilimtazama mke wangu na sikuona damu chini ya ngozi yake. Watu wote walikuwa na uso wa Risper siku za mwisho, wapita njia, wauza maandazi, watoto wa shule. Nilikuwa natembea katika mji wa waliokwisha kufa, na wao hawakujua.

Lakini ndotoni rangi zilikuwapo.

Dawa zilinichosha, nikawa nalala mchana, na kila nikifumba macho nilirudi karakana. Uzi wa zambarau ulikuwa zambarau. Mdomo wa kikombe cha chai ulikuwa na mstari mwekundu. Na kushoto kwangu alikaa Risper na kitambaa chake cha machungwa, kinawaka kama mkaa uliopulizwa. Alikuwa anafunga, ameinama, sikuuona uso. Alininyooshea vigurudumu kimoja kimoja, na kila kimoja nilikijua. Nilicheka. Saumu alikuja kuniambia baadaye kwamba nilikuwa nacheka usingizini, na kwamba kicheko hicho ndicho kilichomtisha kuliko damu.

Siku moja, nikiwa kando yake ndotoni, nilisikia jina langu likiitwa huku nje, nikataka kuinuka. Risper alisema, bila kugeuka, "Usiamke."

Niliamka, mwili wote baridi. Adhuhuri ilikuwa inaadhiniwa. Chumba kilikuwa majivu. Na ukweli ni kwamba nilijuta kuamka.

Tangu hapo nikaacha dawa. Najua ilivyo ukiisoma hivi. Lakini nilijiambia kwamba vidonge ndivyo vilivyonipora macho, na hivi vilivyobaki nani ajuaye vitachukua nini. Saumu alipokwenda soko la Kibuye kuuza nguo zake za mitumba, nilivitia vidonge nyuma ya kabati. Kisha nililala. Nilikuwa na haraka ya kulala, kama mtu mwenye miadi. Kikohozi kilirudi kwanza, kidogo. Kisha jasho.

Asubuhi moja ya manyunyu mlango ulibishwa. Niliacha ubishwe. Ukabishwa tena, kwa kiganja, bila kuchoka. Nilipofungua niliona mwanamke mzee amejifunika gunia la plastiki kichwani, na ubavuni mwake msichana mdogo.

"Wewe ndio Idi? Yule alikuwa anakaa na Risper kazini?"

"Ndiyo, Mama."

"Mimi mama yake. Ulikuja matanga, nilikuona."

Niliwaingiza. Hakutaka chai. Alifungua fundo kwenye ncha ya leso yake, akaweka mezani, kando ya kibano changu, pakiti za vidonge. Zilikuwa zimejaa, isipokuwa safu chache za mwanzo.

"Nilikuwa naondoa vitu yake kwa sanduku. Hii ilikuwa chini kabisa. Watu ya nyumbani walisema ni chira, tukamtafutia miti shamba, tukamchemshia. Alikunywa zote. Na hii dawa alikuwa nayo." Alinikazia macho. "Niambie ni ya nini. Usinifiche, mwanangu. Huyu mtoto wake sasa..."

Achieng' akakohoa. Mara mbili fupi, moja ndefu.

Nilishika ukingo wa meza. Nilimtazama mtoto yule, mwembamba, macho makubwa, na kwa muda sikuwa na hakika kama nimeamka.

"Ni dawa ya kifua, Mama," nilisema. "TB. Si chira. Ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine. Unatibika."

"Unajuaje?"

Nje ya nyumba yangu na karakana sikuwa nimelitamka kwa mtu yeyote. "Ninao mimi."

Mama yule hakurudi nyuma, wala hakumvuta mtoto. Alizigusa zile pakiti kwa kidole kimoja.

"Na wewe unakunywa hii?"

"Nilikuwa nakunywa."

"Nilikuwa?"

Alinitazama, jasho langu, kitanda kilichovurugika mchana kweupe, na nadhani aliona kitu ambacho alikwisha kukiona nyumbani kwake mara moja na hakukitambua. Alisimama, akafunga leso yake upya.

"Vaa viatu," alisema.

Tulikwenda kwa miguu kwenye matope, yeye mbele, mtoto katikati, mimi nyuma nikisikia kile kikohozi cha mtoto mbele yangu. Sista Auma alituona tukiingia bandani. Alisema, "Idi," basi, kisha akamchukua mtoto kwanza.

Zamu yangu ilipofika nilimweleza yote, hata ndoto. Nilitarajia anicheke au anikaripie.

"Watu wengi hapa wanaota wafu wao," alisema. "Wewe tu ndiye umeniambia." Alivunja pakiti mpya. "Dawa iliyogusa macho niliitoa. Hizi ndizo zinakuzuia usimfuate. Sitakubembeleza. Meza."

Nilimeza.

Nilimwambia Saumu mwenyewe, aliporudi sokoni. Nilimtolea vidonge nyuma ya kabati, nikavimwaga mezani. Alilia kwa hasira, akanitukana mimi na marehemu, kisha akaosha uso. Alisonga ugali. Nilikuwa nimechukua sahani yangu, ile ya peke yake, akaninyang'anya, akaweka sahani moja katikati yetu, akanawa, akamega tonge.

"Kuanzia kesho utameza mbele yangu," alisema akitafuna. "Na huyo mwanamke akikuambia usiamke, mwambie una mke."

Walipima makohozi yangu upya, wakanihesabia muda upya, na ikawa safari ndefu kuliko ile ya kwanza. Achieng' alikutwa na TB. Nyanya yake alikataa atibiwe karibu na nyumbani kwa kuogopa midomo ya majirani, wakakaa Nyalenda kwa jamaa yao, na kila siku ya kliniki tulikutana bandani. Mvua fupi zilikuja na kwenda. Kijana wa tai alimaliza dawa, akatuaga sote kwa mkono, akasahau kujifanya yuko kwenye simu. Ikiwa unakaa kwenye benchi la namna hiyo sasa hivi, msalimu aliye kando yako. Si lazima uulize jina.

Rangi zilianza kurudi bila kutangaza. Siku moja nilimwona Saumu akikata nyanya, nikaweka mkono juu ya ubao akaacha kisu. Nyanya ilikuwa nyekundu. Si sana, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi, lakini nyekundu. Bluu ilikuja baadaye. Machungwa na hudhurungi mpaka leo siwezi kuzitenganisha, na daktari anadhani hapo ndipo mwisho. Mama Wanjiku hunipa kazi ya nzi weusi, uzi mweusi na unyoya mweusi wa ndege kwezi, wanaotakiwa sana mwanzoni mwa msimu huko Ulaya. Madirisha ya karakana sasa yako wazi. Manyoya tunayafunika kwa glasi. Zaituni alirudi kutoka Mumias amerefuka, na wiki nzima aliniita Mjomba kabla ulimi wake haujakumbuka.

Risper aliacha kunijia. Sikumwona akiondoka na uso wake hakunionyesha. Lakini kazini, mchana upepo unapoanza, bado nageuka kushoto. Sitakudanganya kwamba haya huisha siku unapomaliza vidonge.

Mimi nilimaliza kabla ya Achieng', ila siku yake ya mwisho nilikwenda nikakaa naye. Nyanya yake alikuwa amekwenda kumsalimu Sista, tukabaki wawili kwenye benchi. Alikuwa amenenepa mashavu, amesukwa nywele. Alikuwa akichezea kifungo cha sweta, sasa ya saizi yake.

"Baba Zai, kwa nini mama aliacha dawa?"

Aliwahi kuniuliza hapo awali nikasema sijui.

"Alichoka," nilisema. "Watu walimwambia ni kitu kingine, na yeye alikuwa amechoka. Mimi pia niliacha."

"Lakini wewe ulirudi."

"Nyanya yako alikuja akabisha mlango."

Aliendelea kukizungusha kile kifungo.

"Kwa mama hakuna mtu alibisha."

Upepo wa ziwa ulikuwa umeanza kupita bandani, ukipeperusha karatasi.

"Hapana," nikamwambia. "Hakuna."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa akilijua jambo na alitaka tu kulisikia kwa mtu mzima. Sista Auma akaita jina lake. Aliinuka, akashusha sweta vizuri, akaingia peke yake.